Salamu za Pasaka kutoka Bagamoyo: wajane wawili na Injili iliyofichika

Tumsifu Yesu Kristo!

Mama zangu, baba zangu, ndugu na jirani mlioko hapa Bagamoyo, nanyi mliotawanyika Dar es Salaam, Morogoro na kwingineko kwa kazi na masomo: Kristo amefufuka, aleluya! Masika imeshika. Njia za mitaani ni matope matupu, wavuvi wanaitazama bahari mara mbili kabla ya kushusha chombo, na wenye mashamba wanashukuru. Hongereni kwa kuimaliza Kwaresima. Na nyinyi jirani zetu Waislamu, ambao kila Idi tunakula kwenu, leo ni zamu yetu. Karibuni sana, pilau ipo.

Juma Kuu lote nimekuwa nikiwawaza wanawake wawili wa Uskoti, Agnes na Margaret Smith. Naomba mnivumilie niwasimulie habari zao, maana sijui salamu nyingine ya Pasaka iliyo bora kuliko hii.

Walikuwa mapacha, wazaliwa wa mji wa Irvine, mwaka 1843. Mama yao alifariki wiki chache baada ya kujifungua, wakalelewa na baba. Mzee huyo aliwaahidi kwamba kila lugha watakayojifunza, atawapeleka katika nchi inakosemwa. Basi wakajifunza Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitalia, na ukubwani wakaongeza Kigiriki, Kiebrania na Kiarabu. Waliolewa wakiwa wameshafika miaka 40, na ndoa hazikudumu: mume wa Margaret alifariki mwaka 1886, wa Agnes mwaka 1891. Agnes alikuwa ameanza kujifunza Kisiria, tawi la Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana wetu.

Kabla mwaka wa msiba haujatimia, Februari 1892, wajane hao wawili walikuwa wamefika kwa ngamia kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya mlima Sinai. Mwalimu mmoja wa Cambridge, Rendel Harris, alikuwa amewadokeza kwamba humo kuna masanduku yenye vitabu vya Kisiria, tena akamfundisha Agnes kupiga picha. Watawa wa pale ni Waorthodoksi wasemao Kigiriki, wao walikuwa Wapresbiteri, yaani Waprotestanti wa kwao Uskoti. Lakini Kigiriki chao kiliwafungulia milango.

Kitabu kimoja kati ya hivyo kilikuwa kichafu, kurasa za ngozi zimegandamana. Agnes alizitenganisha kwa mvuke wa birika. Kwa juu kulikuwa na masimulizi ya maisha ya wanawake watakatifu. Lakini chini ya mistari ile aliona mwandiko mwingine, umefifia, na akatambua maneno ya Injili. Zamani ngozi ilikuwa ghali, hivyo mwandishi wa baadaye alikwangua maandishi ya kwanza na kuandika yake juu, kama watoto wa chuo cha Kurani walivyokuwa wakiosha ubao ili waandike aya nyingine. Injili zile nne za chini zilikuwa zimenakiliwa karibu na mwaka 400, na tafsiri yenyewe ni ya kale zaidi. Ni miongoni mwa mashahidi wa zamani kabisa wa Injili tulio nao.

Wataalamu wa Cambridge walipoziona picha zake, Burkitt na Bensly wakatambua thamani yake. Mwaka uliofuata msafara mzima ukarudi Sinai kunakili kurasa herufi kwa herufi, na Agnes alipaka dawa yenye harufu mbaya ili wino uliofifia ujitokeze. Maandishi yakachapishwa mwaka 1894. Chuo chenyewe cha Cambridge kilikuja kuwapa wanawake shahada kamili mwaka 1948, dada hao wakiwa wameshafariki siku nyingi: Margaret mwaka 1920, Agnes mwaka 1926. Heshima ya shahada waliipata kutoka vyuo vingine, kama Halle na St Andrews.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Katika kitabu kile, Injili ya Marko inaishia sura ya 16, aya ya 8. Wanawake wanatoka kaburini wakikimbia, wanatetemeka, hawamwambii mtu neno kwa kuwa wameogopa. Basi, inayofuata ni Luka. Nakala mbili mashuhuri za Kigiriki za karne ya 4 nazo zinaishia hapohapo. Aya ya 9 hadi ya 20 tunazosoma katika Biblia zetu Kanisa linazipokea kama Maandiko Matakatifu, nami nazipokea kwa moyo wote. Hata hivyo ule mwisho mfupi umenishika mwaka huu kuliko mwingine wowote. Na angalieni: katika Mwaka B, mmoja wa ile miaka mitatu ya mzunguko wa masomo ya Misa, Injili ya mkesha wa Pasaka ni Marko 16, aya ya 1 hadi 7. Tunasimama aya moja kabla ya woga wao.

Mimi naona tusiiruke aya hiyo ya 8. Sabato ilipokwisha, Maria Magdalena, Maria mama wa Yakobo na Salome walinunua manukato wakaupake mwili. Mtu wa pwani haelezwi jambo hili. Tunajua nani anatumwa kutafuta sanda na karafuu maiti, nani anakaa mkekani hadi matanga yanaanuliwa, nani anabaki na mjane watu wakishaondoka. Wanawake wale walikuwa kazini, kazi ya msiba, na njiani wanaulizana nani atawavingirishia lile jiwe. Wakalikuta limeshavingirishwa. Nani asingeogopa?

Nao walisema. Hata kama Marko anawaacha midomo imefungwa, sisi tusingekuwa tunawasha mshumaa wa Pasaka gizani kama wangenyamaza moja kwa moja. Habari kubwa kuliko zote ilipewa watu ambao mitume wenyewe, asema Luka, waliyaona maneno yao ni upuuzi.

Ndiyo maana mwaka huu salamu zangu zinaanza na wajane. Kwako mama uliyefiwa mwaka huu, unayepika Pasaka ya kwanza kwa sufuria ndogo. Kwako unayeambiwa na ndugu wa marehemu kwamba nyumba si yako: usikae na jambo hilo peke yako, lilete kwenye jumuiya, tupo. Kwenu mnaofagia kanisa na kupamba altare, na kwenu mabinti mliosoma masomo ya mkesha kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho. Na kwa binti yeyote anayependa Maandiko: jifunze Kigiriki, jifunze Kiebrania. Kanisa letu hapa lina misheni tangu mwaka 1868, na bado tunahitaji wasomi wetu wenyewe watakaozifungua kurasa za kale kwa mikono yao.

Baba zetu, nanyi nawasalimu kwa heshima. Jioni ya leo, baada ya chakula, wasomeeni watu wa nyumbani Marko 16 hadi aya ya 8, kisha mwacheni bibi au mama aseme kwanza ameelewa nini.

Walio kitandani, Mungu awape nafuu. Walio baharini, warudi salama. Jumatatu ya Pasaka jumuiya yetu itawatembelea wagonjwa. Mwenye mgonjwa nyumbani atuarifu mapema, na mwenye mwavuli aje nao.

Kristo amefufuka kweli kweli. Pasaka njema kwenu nyote.