Mdogo wangu, kabla hujampeleka mama kwenye maporomoko

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa mama, si kwako, kwamba unamtafutia viza aje Minneapolis, huko Marekani, na kwamba wiki ya kwanza tu utampeleka pikiniki kwenye maporomoko ya Minnehaha. Alinieleza huku anacheka. Vizuri. Mimi simzuii mtu kwenda kwa mwanawe. Ila kwa kuwa jumbe zangu unazisoma na hujibu (zile tiki za bluu naziona), nakuandikia hapa. Wanaopita nao wasome.

Magoti ya mama si yale uliyoyaacha. Nasikia kuna ngazi za kushuka hadi maji yanapoangukia. Asishuke. Maji ya mita 16 yanaonekana vizuri tu ukiwa juu, na picha hata huko juu inapigika. Mtafutie kiti chenye egemeo, usimtandikie shuka kwenye majani. Chai iwe ya tangawizi, na sukari umwekee wewe, maana mwenyewe anajisahau. Usimpe mkate wenye nyama baridi ukaita hicho chakula cha mchana. Na akipika kitu cha kubeba, ukile. Ukile mbele yake, ushibe, uongeze.

Unajua kwa nini nasema hivyo.

Ilikuwa Oktoba 2022, mto Ruvu umepungua, Dar iko kwenye mgao wa maji, bomba letu Kimara linakoroma upepo tu. Mama aliamka saa tisa usiku kuviziana na kijana wa mkokoteni, akanunua madumu, ndipo akapika pilau na kuchoma vitumbua. Wewe ulikuwa umelala hotelini, hukuyaona hayo. Tukapanda mwendokasi hadi Posta ya Zamani, dumu la maji ya kunawa nimebeba mimi, hotipoti amelipakata yeye na hataki msaada. Bustani ya Botania alichagua mwenyewe. Ndiko baba alikokuwa akimpeleka kabla hatujazaliwa, na anapenda kuwaambia wajukuu kwamba Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kujaribia mazao yao, wakaondoka, Waingereza nao wakaondoka, miti ipo.

Ulichelewa, ukaja na boksi la kuku wa kununua. Hilo nililimeza. Halafu tausi akapita, watoto wakainuka kumfuata, ukawaita: "Njooni niwaonyeshe bustani ya kweli." Ukawafungulia video ya maporomoko yako. "Hapa hata tone hamna," ukasema. Mama akaomba simu. Akatazama hadi video ikaisha, akasema, "Maji yote haya, na hakuna aliyekinga ndoo?"

Mkacheka. Wewe ulicheka hadi ukajifuta machozi. Ulidhani anatania? Akakurudishia simu na kuanza kufunika vyombo, watu hatujashiba. Nilimwona anabana kifuniko cha hotipoti, upande huu, upande ule, kikifunguka anabana tena. Ukafungua boksi lako na kuwagawia watoto kuku.

Kwa hiyo maneno niliyokwambia pale getini siyafuti. Shangazi anadai nilikuaibisha mbele ya mkeo. Ningekwambia wapi? Nyumbani ulipita kama mgeni, kiti hakikupata joto. Na mimi si mtu wa kununa moyoni halafu nikakutumia salamu tamu kila Jumapili. Nilisema, nikamaliza. Aliyejitoa kwenye kundi la familia ni wewe. Kama kulikuwa na namna nyingine ya kumwambia mtu mzima mwenye mke kwamba amemkosea mamaye, anayeijua anifundishe.

Tena umenifanya niyasome hayo maporomoko. Mwaka 1964 Rais Johnson alipokwenda kuyaona, kijito kilikuwa kimekaukiwa, watu wa jiji wakafungua mabomba ya zimamoto huko juu ili maji yaanguke mbele ya mgeni. Nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe hata kwenu huko mgeni akija watu wanahangaikia maji! Basi mama alikufanyia hilohilo, kwa pesa yake, dumu kwa dumu. Na hayo ya madumu nayo, kama hukumbuki jiografia, yanaanzia milimani Uluguru, ambako maporomoko yapo tele. Ungewaambia watoto hilo, ningekupigia makofi.

Sisemi kwamba wewe ni mbaya. Nilikubeba mgongoni Jangwani ilipofurika, umenikaba shingo na bado unaniuliza kama viatu vyako vimelowa. Ada yako ya kidato cha tano ilitoka kwenye mihogo yangu ya kukaanga, na sisemi ili unirudishie. Nataka tu ujue kwamba nilipokupigia kelele nilikuwa na haki ya kupiga kelele.

Tiketi ikate ya mwezi wa saba. Wakati wa baridi maji yale huganda, na mama hata kiyoyozi cha benki kinamtoa nje. Arudi kabla Agosti haijaisha, maana mjukuu wake ana mtihani wa darasa la saba Septemba na anasoma bibi akiwa amekaa pembeni tu. Namba ya safari nitumie mimi, mama asihangaike nayo. Teksi ya uwanja wa ndege nalipa mimi, na hilo usibishane nami.

Dada yako