Barua kwa Wanangu wa Jogging ya Mtaa: Nani Anabaki na Mtoto?

Wanangu,

Jumapili iliyopita mlinialika kikaoni kama mlezi wenu, mkanipa kiti cha mbele na soda baridi. Nilikaa kimya mwanzo hadi mwisho, na najua wapo waliodhani Mwalimu amechoka. Sikuwa nimechoka, nilikuwa nimekasirika. Miaka 34 ya kushika chaki ilinifundisha kutofungua mdomo hasira ikiwa bado ya moto. Sasa imepoa kiasi, nawaandikia wote hadharani, kwa kuwa lililoniudhi nalo lilisemwa hadharani.

Katibu alisoma mahudhurio. Januari tulianza watu 46, wanawake 22 kati yao. Jumamosi iliyopita walifika 13, na wanawake ni wawili. Akafunga daftari, akasema, "Wanawake wa mtaa huu hawana moyo wa mazoezi, walitaka fulana tu." Mkacheka. Wale mabinti wawili waliokuwepo wakainamisha vichwa, na mmoja wao ndiye aliyewapikia chai mliyokuwa mnakunywa.

Katibu, mwanangu, nilikufundisha hesabu darasa la tatu. Waliofika umewahesabu sawasawa. Waliobaki nyumbani hukuwauliza walibaki na kazi gani.

Mimi nilikwenda kuuliza. Jumamosi ile mlipita barazani kwangu saa kumi na mbili kamili, filimbi mbele, nyimbo nyuma, mkaelekea barabara kuu. Nikajifunga kanga yangu nikaupita mtaa mzima polepole, nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza nilimkuta binti ana mtoto wa miezi minane mgongoni, anapuliza jiko la mkaa huku mkubwa wake analia anataka kuogeshwa. Raba zake ziko dirishani, soli bado nyeupe kama zilivyotoka dukani. Nikamuuliza mbona hukwenda na wenzio. Akanitazama, akasema, "Bibi, nimpe nani mtoto?" Mumewe ndiye mpiga filimbi wenu. Alirudi saa nne kasoro, maana baada ya kukimbia kuna supu, na baada ya supu kuna mazungumzo.

Nyumba ya pili, anafua sare za shule za watoto watatu. Ya tatu, anamhudumia mama mkwe aliyepooza. Ya nne yumo kwenye foleni ya maji bombani. Niliacha kuuliza nilipofika ya saba, jibu lilikuwa lile lile kwa sauti tofauti.

Hili ndilo ninalotaka mlisikie, na mkisahau mengine yote ya barua hii msilisahau hili. Saa moja ya mazoezi ya mtu mwenye familia hutolewa na mtu mwingine wa nyumba ile ile. Wewe unapokimbia, kuna anayewasha jiko, anayembembeleza mtoto, anayemtafutia mkubwa soksi. Usione vyaelea, vimeundwa. Hiyo afya unayoringia kila Jumamosi imeundwa na mkeo, na yeye hajaundiwa na mtu. Halafu unasimama kikaoni unasema hana moyo!

Nasema haya kwa sababu nimeyapitia. Mwaka 1996, nikiwa na miaka 39 na mtoto wa tano ananyonya, presha yangu ilikataa kushuka. Ilipanda nikiwa mjamzito, wakanambia itashuka nikijifungua. Ikashuka kidogo, kisha ikarudi. (Mabinti, aliyewahi kupata presha ya mimba akapime mara kwa mara maisha yake yote, hata akijisikia mzima. Hatari ya kupata presha ukubwani kwake ni kubwa kuliko kwa mwenzake.) Daktari akaniandikia dawa, akasema na kutembea: nusu saa, kwa mwendo wa mtu aliyechelewa, siku nyingi za wiki. Nikamwambia ndiyo, nikatoka, na sikutembea hata siku moja. Nilikuwa naamka saa kumi usiku, naandaa watano, napanda daladala, nafundisha watoto themanini darasa moja, narudi kupika. Ningetembea saa ngapi? Wifi yangu alinambia mimi mvivu. Nikamwamini. Karibu mwaka mzima niliamini mimi ni mvivu.

Aliyeniokoa ni marehemu mume wangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, fundi wa mashine kiwandani, zamu za usiku wiki mbili kwa mwezi. Jioni moja alinikuta nimekaa kwenye ngazi, miguu imevimba. Hakunihubiria. Aliniuliza, "Ukitaka kutembea, ni kitu gani kinakuzuia asubuhi?" Nikamtajia: moto, chai, kuogesha wawili wadogo, kuchana nywele za wa kati. Akasema, "Jumanne, Alhamisi na Jumamosi hivyo vyote ni vyangu." Akavifanya. Wiki ya kwanza chai ilikuwa na moshi na binti yangu alikwenda shule kichwa kimechanwa upande mmoja. Majirani wakasema nimemlisha limbwata. Wengine walimwambia machoni pake. Alikuwa anajibu kitu kimoja tu: "Nataka nizeeke naye." Aliondoka 2011, na mimi huyu nina miaka 68, bado natembea kila asubuhi, na kila nikifika kona ile ya mwarobaini namkumbuka na bakuli lake la uji.

Basi msiniambie habari za moyo. Moyo nilikuwa nao tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni mikono miwili mingine ndani ya nyumba.

Nimesikia pia ule usemi wenu kwamba mwanamke hahitaji mazoezi, anafua na kupiga deki, yatosha. Ni kweli kazi za nyumbani zinauchangamsha mwili, wataalamu wa afya nao wanazihesabu. Lakini mnaosema hivyo, ndoo na mabeseni yapo nyumbani kwenu pia. Chukueni nusu ya hayo mazoezi, nasema kweli kabisa, mtavuja jasho. Na mwanamke anayetoka nje ya geti nusu saa bila mtu kumwita "mama" anarudi na kitu ambacho beseni halimpi. Akili yake inapumua. Mliooa mtaiona tofauti ndani ya mwezi.

Kuhusu kiasi, mnajitisha bure. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu ya hizo akikimbia kwa nguvu, na siku mbili za kuimarisha misuli. Dakika 150 ni nusu saa mara tano. Zamani walisema kila kipande kiwe dakika kumi angalau. Mwongozo wa 2020 uliliondoa sharti hilo, kila dakika inahesabiwa. Kwa hiyo baba unayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, nakuelewa, sikugombezi wewe. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, tembea haraka. Panda ngazi za kazini. Mama, kumpeleka mtoto shule kwa miguu ni mazoezi, mradi usitembee kama mtu anayechagua nyanya. Kipimo ni rahisi: kwenye mwendo wa wastani unaweza kuzungumza ila kuimba kunakushinda. Ninyi mnaopita mkiimba beti tatu mfululizo, ongezeni mwendo kidogo.

Mengine nayataja tu. Pima presha na sukari kabla ya kuanza. Aliyeandikiwa dawa asiziache eti sasa anakimbia. Januari mlianza na kilomita nane siku ya kwanza, magoti yakawauma, ndiyo maana wengine hamkurudi: anzeni na mbili. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar halina mchezo, maliza kabla jua halijakomaa, na maji unywe kabla hujasikia kiu. Mfungo ukiingia, tembea baada ya kufuturu, taratibu. Aliyejifungua kwa upasuaji asikimbie mpaka daktari amruhusu. Lala mapema. Kitako cha supu, chapati nne na bia mbili saa tatu asubuhi si sehemu ya mazoezi.

Mabinti, na ninyi nina neno nanyi. Baba akimshika mtoto, mwacheni amshike. Nimewaona mnamnyang'anya kwa sababu kamfunga nepi vibaya, halafu mnalalamika hasaidii. Nepi iliyopinda haijaua mtoto. Na mkikosa wiki moja kwa sababu mtoto kaugua, hamjashindwa. Mtoto kuugua ni maisha. Mwili unaanza kupoteza pumzi baada ya wiki mbili tatu za kukaa, lakini unazirudisha, rudini tu mlipoishia na si mlipokuwa mnatamani kufika. Msisubiri hamu. Asubuhi nyingi mimi sina hamu hata chembe, hamu hunikuta nikiwa nimeshaupita msikiti.

Na tusiwalaumu vijana peke yao, jamii nzima tumelala. Mwaka 1974 nilikuwa msichana wa sekondari. Habari zilipotufikia kwamba Filbert Bayi amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch kwa dakika 3 sekunde 32.2, jioni ile tulikimbia kuzunguka uwanja wa shule mpaka kengele ya chakula, wasichana kwa wavulana. Mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa wa wote. Hakuna aliyesema wasichana hawana moyo. Leo binti wa mtaa huu akikimbia na traksuti, wanaume waliokaa kijiweni wanamtolea maneno ambayo mimi bibi yenu siwezi kuyaandika. Nani aliyewakemea? Mpiga filimbi, wewe unapita pale pale kila siku, uliwahi kusimama ukasema neno?

Uwanja ambao wanangu walichezea mpira una fremu za maduka. Kichochoro cha kutokea barabarani hakina taa, na mnataka mwanamke apite humo saa kumi na moja alfajiri. Pembeni mwa barabara palipojengwa kwa waenda kwa miguu pamejaa bodaboda. Watoto, ambao wanahitaji wastani wa saa nzima ya kuruka na kukimbia kila siku, tunawatoa kwenye basi la shule tunawaingiza tuisheni, tukiwatoa tuisheni tunawapa simu wanyamaze. Halafu tunashangaa mtoto wa miaka kumi anahema kwenye ngazi.

Mwishoni mwa 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Jambo jema sana. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi. Angalieni mtaani kwetu hizo Jumamosi mbili: ya mazoezi wanaonekana wanaume, ya ufagio wanaonekana wanawake. Hakuna kiongozi aliyetupangia hivyo. Tumejipangia wenyewe.

Sasa nisikilizeni kama mlezi, maana cheo mlinipa wenyewe. Kuanzia Jumamosi ijayo kundi litakimbia kwa zamu mbili. Zamu ya kwanza ni wanawake, saa kumi na mbili hadi saa moja kasorobo, na vijana wanne wasio na watoto watakwenda nao, wawili mbele wawili nyuma, mpaka kile kichochoro kipate taa. Katibu, barua ya taa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa utaiandika wewe. Uniletee niisahihishe kabla hujaipeleka. Zamu ya pili ni wanaume, wakirudi wanawake. Wakati wake zenu wako barabarani, ninyi mko nyumbani na jiko na watoto. Asiyeweza, ana zamu ya kazi, au ni mama anayelea peke yake, alete watoto barazani kwangu. Nitakuwa nimetandika mikeka miwili kuanzia saa kumi na moja na nusu, na yule bibi wa nyumba ya jirani amekubali kukaa nami. Kwa yule binti mwenye mama mkwe mgonjwa, nitakwenda mwenyewe Jumamosi ya kwanza, kisha tupange zamu.

Mpiga filimbi, mwanao wa miezi minane utambeba wewe. Mkeo ameshaniambia raba anazivaa, na nimemwahidi kwamba utakuwepo.

Uji utakuwa wa ulezi. Kila mtoto aje na kikombe chake.

Mlezi wenu,
Mwalimu mstaafu, Temeke