Picha ya kitambulisho imtambulishe anayejitolea

Mhariri,

Anayejitolea anapobisha hodi na matone ya polio, mama mwenye nyumba humtazama usoni, kisha hutazama kitambulisho kifuani. Macho yasipoonekana kwenye picha, ana haki ya kutofungua mlango. Tunaoandaa vitambulisho hivi tunawaomba waratibu wa kampeni waache kudai "picha yoyote uliyo nayo".

Kinachoharibu zaidi ni mwanga. Mara nyingi simu hupima mwanga wa picha nzima, si wa uso peke yake. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe unaopigwa jua, simu itaona weupe umezidi, itapunguza mwanga, na uso ndio utakaofifia. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu. Ikitokea alama ya jua, isukume juu taratibu mpaka uone mboni za macho, hata kama ukuta utapauka. Flashi si dawa: hung'arisha paji lenye jasho na kuacha kivuli kikali ukutani. Jua la saa sita nalo huyatia macho giza. Mpige kibarazani, penye kivuli, uso ukielekea uwanjani. Tazama pia kilicho jirani, maana turubai la bluu au ukuta wa kijani humrudishia mtu rangi hiyo mashavuni.

Nyuma yake tandika shuka jeupe au la samawati hafifu, livutwe lisiwe na mikunjo, naye asimame hatua moja mbele yake. Aliyevaa kanzu au fulana nyeupe apewe la samawati, la sivyo mabega yatapotea.

Simu iwe usawa wa macho, umbali wa mita moja na nusu, kwa kamera ya nyuma. Selfi ya mkono ulionyooshwa huvimbisha pua na kuficha masikio, kwa sababu pua inakuwa karibu mno na lenzi. Uso ukionekana mdogo, kata picha baadaye, usimsogelee. Zima filta za urembo. Zinafuta makovu na madoa, na hizo ndizo alama ambazo jirani humjulia mtu.

Hijabu haina tatizo, mradi uso uonekane kuanzia kidevu hadi paji, na mashavu yote mawili. Kofia na miwani myeusi vivuliwe. Miwani ya kusomea ikiakisi mwanga, inua kidogo mikono ya miwani hiyo juu ya masikio ili vioo viiname.

Kadi ya kawaida ina milimita 85.6 kwa 54. Picha ya milimita 25 kwa 32 juu yake, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 295 kwa 378 tu, na karibu kila simu ya kisasa inazimudu. Kichwa kilichokatwa kutoka picha ya kikundi cha watu ishirini mara nyingi hakizifikishi. Picha ya pasipoti ya zamani iliyopigwa tena kwa simu huja na mng'ao na upande umepinda. Hata picha nzuri hupungua ubora ikitumwa WhatsApp kama picha. Itumwe kama dokumenti.

Kosa baya kuliko yote ni sura ya mtu mmoja kukaa juu ya jina la mwingine. Mpige kwanza akiwa ameshika karatasi yenye jina na namba yake ya usajili, halafu bila karatasi. Picha hizo mbili zikifuatana, mchapaji hatamchanganya Mwajuma wa kata hii na Mwajuma wa kata ile. Na muhuri ugongwe pembeni, kwenye bega, usiguse uso.

Kazi yote hii haizidi dakika tano kwa mtu. Tunaomba itengewe nafasi siku ya semina, asubuhi, kabla watu hawajatoka jasho.

Waandaaji wa vitambulisho,
Morogoro