Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wafugaji wa Kaunti ya Marsabit, Mwaka 2023

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana mliotoka malishoni kuja kwenye mkutano huu,

Mwaka 2023 ulitukuta tukiwa hoi baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Ukame huo, ambao serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa mnamo Septemba 2021, uliua zaidi ya mifugo milioni 2.5 nchini Kenya. Masika yaliturudishia nyasi, nayo mvua za El Niño za mwisho wa mwaka zikaja na mafuriko.

Jambo lililoishughulisha kamati kuliko mengine yote ni msaada wa serikali wakati wa janga, hasa bima ya mifugo. Marsabit ndiko bima hii, inayolipa kwa kupima hali ya malisho, ilikojaribiwa kwa mara ya kwanza nchini, mwaka 2010. Mpango wa serikali ulipoanza mwaka 2015 katika kaunti za Turkana na Wajir, kisha ukafika kwetu, serikali ililipa ada yote ya bima kwa kaya zilizochaguliwa, kwa kiwango cha ng'ombe watano au mbuzi hamsini kwa kila kaya. Katika mradi wa DRIVE, mradi wa serikali na Benki ya Dunia wa kuwakinga wafugaji na hasara za ukame, mfugaji huchangia sehemu ya ada na serikali hujazia iliyobaki.

Wengi mmeniuliza kwa nini jirani yako amezika ngamia wanne na hakulipwa chochote. Naomba tuelewane hapa, kwa maana malalamiko mengi yameanzia hapa. Bima hii haihesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima, ukalinganishwa na wa miaka iliyopita, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kila aliyekatiwa bima katika eneo hilo hulipwa, awe amepoteza mnyama au hajapoteza. Kusudi lake ni jema: fedha zifike mapema, mfugaji anunue nyasi, maji na dawa mnyama angali amesimama. Hata hivyo, kipimo hicho hakitofautishi nyasi na mathenge, ule mti wa miiba unaovamia malisho, na mathenge hubaki kijani hata kiangazi kikikaza, ilhali mbuzi akizoea kula maganda yake meno yanaharibika. Kamati imelipeleka jambo hili kwa maandishi kwa wahusika, na hatutaliacha.

Kuhusu serikali kununua mifugo iliyodhoofika wakati wa ukame, msimamo wangu ni ule ule niliowaeleza mwaka jana. Lori likifika wakati ng'ombe anainuliwa kwa kushikwa mkia, hapo hakuna biashara tena. Ununuzi uanze mara tu mvua ya kwanza inapokosekana, mnyama akiwa bado na nyama mgongoni na mwenyewe akiwa na nguvu ya kukataa bei mbaya.

Jambo la mwisho linauma zaidi kwa sababu lilikuwa ndani ya uwezo wetu. Mama mmoja wa Kargi alipanda lori mara tatu kuja Marsabit mjini, kitambulisho amekifunga kwenye pindo la leso, akiulizia malipo yake ya bima. Jina lake lilikuwamo kwenye orodha, lakini namba ya simu iliyoandikwa ya kupokelea malipo ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mwanawe aliyekwenda kutafuta kazi mbali. Kila safari aliambiwa arudi wiki ijayo, na nauli aliipata kwa kuuza mbuzi. Sisi viongozi tulipaswa kuikagua orodha hiyo kabla haijapelekwa, na hatukuikagua. Namwomba radhi mbele yenu, na kamati imeshaanza kufuatilia haki yake.

Kwa hiyo, kuanzia msimu huu, hakuna orodha itakayotoka katika ofisi yetu kabla ya kusomwa kwa sauti katika baraza la kila wadi, mbele ya wenye majina. Daftari la usajili litafunguliwa mara baada ya mkutano huu, chini ya mti ulio karibu na lango. Kila mwanachama aje na kitambulisho chake halisi na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na asiye na laini atasaidiwa na vijana wetu papo hapo.

Mwenyekiti