Kila mteja wa steshenari apewe meza yake ndani ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye steshenari, na pia na walimu wa vyuo vya kompyuta vya Moshi na Arusha, juu ya namna tunavyopanga kazi za wateja kwenye kioo cha kompyuta. Ninaendesha steshenari karibu na stendi hapa Moshi, na nimeona kwamba makosa yetu mengi hayatokani na kutojua kuchapa wala na ubovu wa printa, bali yanatokana na kuzirundika kazi za watu watano mahali pamoja.

Nieleze lililonipata mimi mwenyewe. Katika msimu mmoja wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu walikuja, wakifuatana, kijana kutoka Rombo na binti wa hapa mjini, wote wawili wakiwa wamefiwa na baba, na kila mmoja amebeba cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo na kitambulisho cha mdhamini. Niliskani karatasi zao kwa mfululizo, skana ikazipa majina ya namba tupu, 0047, 0048 na kuendelea, na chini ya kioo madirisha yalibanana hata majina yake hayasomeki. Nikabofya dirisha nililodhani ni la kijana, nikachapa, nikatia kwenye bahasha. Jioni, mama yake alipoikunjua ile karatasi nyumbani, akakuta jina la marehemu asiyemjua. Kesho yake kijana alipanda gari tena, akasimama mbele ya kaunta yangu ameishika karatasi ile kwa mikono miwili, kwa kuwa alijua kwamba ni msiba wa watu. Nilimrudishia nauli na nikawaomba radhi yeye na yule binti, lakini tangu siku hiyo sikukubali tena kufanya kazi kwa mtindo ule.

Dawa niliyoipata haikunigharimu hata shilingi. Kompyuta zetu nyingi zina uwezo wa kutupa meza kadhaa za kazi ndani ya kioo kimoja, yaani meza pepe, ambapo madirisha ya kazi moja hukaa pamoja na yale ya kazi nyingine hayaonekani kabisa mpaka uhamie meza yake. Katika Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, na katika Windows 11, ukibonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na herufi D, hufunguka meza mpya iliyo tupu. Ukibonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na mshale wa kulia au wa kushoto, unahama kutoka meza moja kwenda nyingine. Na ukibonyeza kitufe cha Windows na Tab, unaziona meza zote kwa mkupuo, na unaweza kuipa kila moja jina. Wenye Mac wanao mpangilio huo tangu mwaka 2007, na watumiaji wa Linux wameuzoea kwa miaka mingi zaidi. Asiye nao ni yule ambaye bado anatumia Windows 7 au 8, na najua kwamba katika maduka yetu wapo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1986, Austin Henderson na Stuart Card wa kituo cha utafiti cha Xerox huko California walieleza mfumo waliouita Rooms, yaani vyumba, kwa sababu waliona kwamba kioo ni kidogo na madirisha yanagombania nafasi, ilhali mtu anapofanya kazi moja huhitaji madirisha machache tu kwa wakati mmoja. Wakaigawa kazi katika vyumba vyenye milango ya kupita kutoka kimoja hadi kingine, na wakaweka hata njia ya mtu kuhama na baadhi ya vitu vyake. Hicho cha mwisho kipo hata leo: mimi orodha yangu ya bei nimeiamuru ionekane kwenye meza zote.

Dukani sasa kila mteja mwenye kazi ya zaidi ya karatasi mbili hufunguliwa meza yenye jina lake. Anayetaka kopi moja ya kitambulisho simfungulii, kwa maana ni kujichelewesha bure. Faida ambayo sikuitarajia ni ya siri za watu. Wenzangu mnajua kwamba hapa Kilimanjaro tunachapa sana mihtasari ya vikao vya ukoo, ile inayopelekwa mahakamani mtu anapoomba kusimamia mirathi, na ndani yake mna majina ya watoto wote, wa ndani na wa nje, na kihamba, yaani shamba la ukoo, kimekwenda kwa nani. Mteja anayesubiri kwenye kiti cha pembeni anaisoma yote, na huenda ni jirani wa familia hiyo. Sasa mtu wa pili anapokaa ninahamia meza yake, na muhtasari wa ukoo haubaki hata kwenye ule mstari wa chini. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haikuandikwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu peke yake.

Hata hivyo, sitaki mtu aelewe kwamba meza hizi ni kuta. Mafaili yote bado yamo katika kompyuta ileile, kwa hiyo karatasi iliyoskaniwa ni lazima ipewe jina la mwenyewe papo hapo, kabla ya kuskani inayofuata. Kivinjari nacho hakijui habari za meza: ukiingia kwenye akaunti ya mwombaji wa kwanza, kisha ukahamia meza ya pili na kufungua tovuti ileile kwa kivinjari kilekile, utaikuta akaunti ya yule wa kwanza bado iko wazi, nawe utaweza kuambatisha vyeti vya mtu mwingine bila kujua. Hili ndilo la hatari kuliko yote. Mimi hutoka kwanza kwenye akaunti ya mtu mmoja ndipo nimwingize mwingine, na kazi zikibana hutumia vivinjari viwili tofauti. Vilevile, ukiifunga meza kwa kitufe cha Windows, Ctrl na F4, madirisha yake hayafungwi, bali yanahamia meza ya jirani. Basi funga madirisha ya mteja kwanza, halafu meza. Na kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4, meza nyingi zenye programu nzito zitaifanya iburute, maana kila kilichofunguliwa kinaendelea kula nafasi hata usipokiona.

Kwa walimu wa vyuo nina ombi. Katika kozi niliyosoma tulifundishwa kuchapa barua, kutengeneza jedwali na kupanga aya, lakini hakuna aliyetuambia mtu afanye nini anapokuwa na barua tatu, majedwali mawili na wateja wanne wanaosubiri, na hiyo ndiyo hali ya kila siku ya mhitimu anayeajiriwa dukani. Somo hili linatosha kwa saa moja na mazoezi ya wiki moja. Msichana ninayefanya naye kazi alizichanganya meza siku mbili za kwanza, na siku ya tatu vidole vyake vilikuwa vimeshazoea.

Nawe Mhariri, kama gazeti lako lina safu ya mambo ya kompyuta, ningeomba vitufe nilivyovitaja vichapwe kwenye kisanduku kimoja ambacho mtu anaweza kukikata na kukibandika ukutani juu ya kompyuta, kabla dirisha la maombi ya mikopo halijafunguliwa tena.

Mwenye steshenari,
Moshi.