Dada, vile vidonge vyekundu usimpe kwanza

Asalaam aleikum dada,

Voisi nimeipata, mama mfikishie shikamoo yangu mwambie baridi imeanza ila koti ninalo. Sasa hilo la kumpa Zuhura vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu ulivyobakiza wakati wa mimba, dada subiri kwanza. Vile vina foliki, ile vitamini ya kutengeneza damu, na chuma humohumo. Foliki mtoto wa sikoseli anaihitaji, chuma mpaka apimwe aonekane kapungukiwa, maana damu yake inapungua kwa sababu seli zake nyekundu za damu zinapasuka mapema, hazimalizi hata mwezi wakati zetu sisi zinaishi kama siku 120, na chuma cha seli iliyopasuka kingi chake hakitoki kinabaki mwilini, akiongezewa damu kinaingia na kingine tena.

Uliuliza huku Ujerumani nasoma nini hasa, ndo hiki hiki, chuma na gesi moja inaitwa naitriki oksaidi. Zamani watu waliijua kwenye moshi wa magari, kumbe hata mishipa yetu ya damu inaitengeneza, Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, wakapewa Nobeli 1998 kwa habari hiyo. Gesi inatoka ukuta wa ndani wa mshipa inaingia kwenye msuli wa pembeni, inashika chuma kilichokaa katikati ya kimeng'enya fulani, kimeng'enya kinaamka, msuli unalegea, damu inapita.

Shida ni kwamba himoglobini, ile nyekundu ya kwenye seli za damu inayobeba hewa, nayo ina chuma na hiyo gesi inaitaka balaa. Ikiwa ndani ya seli yake haina madhara sana, ila seli ikipasuka inamwagika kwenye damu na kuidaka gesi njiani, si unajua wale walanguzi wa kangomba wanavyowahi korosho shambani kabla hazijafika ghala la ushirika, ndo ivo, inaigeuza naitreti isiyolegeza msuli tena na mishipa inabaki imebana. Kwa hiyo ukiona macho ya Zuhura yamezidi unjano na mkojo umekuwa mweusi mweusi ujue seli zinapasuka sana, usikae nyumbani na majani ya mtu yeyote.

Mimi nahangaika na chuma kilicho huru ndani ya seli, kisichoshikwa na protini. Gesi ikikikuta wanaungana, gesi mbili kwa chuma kimoja. Kwa macho huoni kitu, tunagandisha seli kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kichupa kinaingia kwenye sumaku kubwa tunapiga maikrowevu, halafu kwenye skrini kinatokea kilima kidogo pale 2.03 kwenye kipimo chetu, ndo alama ya huo muungano, profesa anakikodolea macho mpaka chai yake inapoa. Mambo ya wasomi hayo.

Wewe kesho kutwa mpeleke Zuhura hospitali ya Ligula, waulize na ile dawa ya sikoseli, haidroksiyurea, kama inamfaa, na foliki waandike ile ya peke yake. Nauli nimetuma kwenye namba ya shemeji tangu asubuhi, akisema haijafika mbane.