Skana Ikitoa Kodi, Usikimbilie Duka la Spea: Kupima Gari la Zamani Hapa Malindi

Kodi P0171 (namba ya kosa inayosema injini ina hewa nyingi kuliko mafuta) ikitokea kwenye simu iliyounganishwa na skana, wateja wengi hufika gereji wakiwa wameshanunua sensa ya oksijeni. Sensa inafungwa, taa ya injini inazimwa, na baada ya siku tatu nne taa inawaka tena. Sensa ile ya zamani haikuwa na kosa. Ilikuwa inaripoti kwamba moshi una hewa nyingi, na ilikuwa inasema kweli. Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta hewa hiyo inaingilia wapi, na skana ndogo ya nyumbani inaweza kukusaidia sana hapo ukijua namba za kusoma.

Kwanza hakikisha gari lako linaelewana na kifaa. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2 (lugha moja ya kusoma kompyuta za magari) kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, na Ulaya ikaufuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Japani ilikwenda kwa mwendo wake, na magari yetu mengi yametoka huko. Ndiyo sababu Toyota au Nissan ya miaka ya mwanzo ya 2000 inaweza kuwa na soketi ya pini 16 chini ya usukani, ukachomeka kifaa kikawaka, lakini simu ikasema haioni gari. Kifaa ni kizima, lugha ndiyo haipatani. Hapo inatakiwa skana yenye lugha ya kampuni yenyewe. Kifaa kisipowaka kabisa, angalia fyuzi kabla ya kukirudisha dukani. Pini ya 16 inapaswa kuwa na umeme wa betri, na ya 4 na 5 ni ethi, yaani upande hasi. Land Cruiser za zamani zenye injini ya 1HZ na Hilux za dizeli zenye pampu ya kimakanika, zile zinazopanda Marafa kila siku, hazina kompyuta ya injini ya kuulizwa. Usizinunulie skana.

Corolla 100 na wenzake wa miaka ya 90 wana njia isiyotaka pesa. Fungua boneti utafute kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko chake kuna majina ya matundu. Zima eesii (kiyoyozi), weka gia huru, kisha unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Usiguse tundu jingine, maana kuna yenye umeme wa betri. Washa swichi bila kupiga stata, uhesabu taa ya injini inavyopepesa: mara mbili, kituo kifupi, kisha mara moja ni kodi 21, sensa ya oksijeni, mara mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kodi. Ukiona 51, huenda umesahau eesii au gia.

Sasa turudi kwa P0171, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Injini ikishapata moto, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, kisha jumlisha STFT na LTFT kwenye simu. Hizo ni asilimia za mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Kati ya -5 na +5 hakuna tatizo. Ikizidi +10, kuna kitu inakifidia. Panda hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ushikilie hapo nusu dakika, usome tena.

Jumla ikishuka kuelekea sifuri, kuna hewa inayoingia baada ya throtoli (mlango wa hewa ya injini). Tundu dogo lina uzito mkubwa injini ikivuta hewa kidogo, na halihesabiki ikivuta nyingi. Kagua paipu za mpira nyuma ya manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa) na ile nene ya kwenda kwenye buster ya breki. Jua letu hukausha mpira, nao hupasukia upande wa chini ambako jicho halifiki. Zima injini, ngoja ipoe, upitishe kidole chini ya kila paipu hadi mwisho wake. Ufa utauhisi kabla ya kuuona.

Jumla ikipanda kadiri unavyokanyaga, mafuta hayafiki ya kutosha: chujio la petroli limeziba au pampu imechoka. Au sensa inayopima hewa inayoingia imeshika vumbi, hasa kwa magari ya barabara za mchanga. Waya wake ni mwembamba kama unywele. Upulizie dawa yake maalumu, uache ukauke, usiuguse kwa pamba wala kitambaa.

Na kabla ya hayo yote, inama utazame ekzosi. Kutu ikiitoboa mbele ya sensa, hewa ya nje huingia na sensa husoma kwamba mafuta ni machache. Washa injini asubuhi ikiwa baridi, usikilize mlio wa tiki-tiki, utafute masizi meusi kwenye viungo.

Chumvi ya bahari inastahili kuzungumzwa peke yake. Gari linalolala karibu na ufuo, au linalofanya kazi upande wa mashamba ya chumvi ya Gongoni, huota ukungu wa kijani ndani ya plagi za sensa na chini ya boliti za ethi. Skana hapo hutoa kodi tatu nne zisizohusiana, na mtu hudhani kompyuta imeungua. Washa injini, taa kubwa na feni, kisha weka multimita: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Ikizidi volti 0.2, waya wa ethi umechoka. Fungua boliti, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, halafu upake grisi juu. Kazi ya nusu saa, na mara nyingi kodi zote huondoka pamoja.

Kuna jambo tunaloliomba kwa dhati: rudisha themostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini. Imezoeleka Pwani kuitoa ati injini ipoe. Tazama joto la maji kwenye simu ukiwa barabara ya Mombasa. Likibaki nyuzi 70 badala ya kufika 85 hadi 95, kompyuta inaamini injini bado baridi, inamwaga petroli ya ziada, na huenda ikatoa P0128, kodi ya injini isiyofikia joto lake. Gari linalochemka lina rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka au kifuniko cha rejeta kilichokufa. Hivyo ndivyo vya kutengenezwa.

Injini ikikosa moto na kodi ikawa P0301 (silinda ya 1 haiwaki vizuri), usinunue koili. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, kwa spana ya 10 hamisha koili ya silinda ya 1 uiweke ya 3, futa kodi, uendeshe. Ikirudi kama P0303, koili ndiyo mbaya. Ikibaki P0301, angalia plagi ya cheche; kwa injini ya 1NZ ya Probox pengo la ncha zake ni milimita 1.1. Jaribu gari likiwa na moto wa mchana, maana koili mbovu mara nyingi asubuhi hujifanya nzima.

Ukiamua kutuletea gari, tafadhali usifute kodi kwanza. Ukifuta, unafuta na namba ambazo kompyuta ilihifadhi wakati taa ilipowaka: mwendo, joto la maji, mizunguko. Piga picha za skrini za kodi na namba hizo, uongeze STFT na LTFT za vipimo vyote viwili (bila kukanyaga mafuta na kwa mizunguko 2,500), uje nazo kwenye simu.